Thistle: Mji wa Reli Uliomezwa na Mlima Uliotembea Polepole Kuliko Kinyonga

Kuna picha inayozunguka sana kwenye kurasa za watu wanaopenda majengo yaliyotelekezwa. Nyumba ya familia imesimama katikati ya bwawa, maji yamepanda mpaka karibu na paa, nyasi ndefu zimeizunguka pande zote, na nyuma yake kuna vilima vikavu. Kila picha hiyo ikipostiwa, lazima atokee mtu wa kusema imetengenezwa na kompyuta.

Ni ya kweli kabisa. Nyumba hiyo ilikuwa na watu, wakipika na kulala humo, na treni zikipita jirani. Mji wenyewe uliitwa Thistle, katika jimbo la Utah huko Marekani, kama kilomita 100 kusini-mashariki mwa Salt Lake City, ndani ya bonde jembamba linaloitwa Spanish Fork Canyon. Jina Thistle ni la mmea wa miiba unaofanana na mbaruti. Na kama ilivyo kwa mbaruti, mji huu ulikuwa mgumu kufa. Uliuawa mara mbili.

Wengi wanaoisimulia stori ya Thistle huanza na tope la Aprili 1983, na hapo ndipo utamu wote unapopotea. Ukitaka kuelewa kwa nini mji mzima uliachwa uoze wakati reli iliyopita hapohapo ilirudi kazini ndani ya miezi mitatu, inabidi urudi nyuma miaka mia moja.

Mji uliozaliwa na mlima mkali

Thistle ilikuwa mahali ambapo vijito viwili vinakutana na kuwa mto mmoja, mto Spanish Fork. Kwenye nchi ya milima, mto ndio unaokuonyesha njia. Waliotaka kupita kwa miguu walifuata mto, wenye mikokoteni wakafuata mto, na reli ilipokuja nayo ikafuata mtohuohuo.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 ilijengwa reli nyembamba ya kushusha makaa ya mawe kutoka milimani kwenda kwenye miji ya bondeni. Muda si mrefu kampuni kubwa zaidi, Denver and Rio Grande, ikaichukua na kuifanya sehemu ya njia yake kuu. Mwishoni mwa Machi 1883 mataruma ya upande wa Denver na ya upande wa Salt Lake City yalikutana. Kuanzia hapo ungeweza kupanda treni Denver, ukavuka Milima ya Rocky na majangwa ya Utah, ukashuka bonde la Spanish Fork mpaka Salt Lake City. Shika hiyo tarehe, itarudi.

Sasa, tatizo la njia hii lilikuwa moja: mlima. Ukitoka Thistle kwenda mashariki, reli inapanda mpaka kilele cha Soldier Summit, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Thistle yenyewe iko kama mita 1,500. Yaani treni yenye mzigo ilitakiwa ipande zaidi ya mita 700 kwa kutumia kichwa cha mvuke, mashine inayokula makaa na kunywa maji kama haina akili nzuri. Kichwa kimoja hakikutosha. Ilibidi kuongezwa kichwa cha pili, wakati mwingine zaidi ya hapo, ili kusukuma au kuvuta mpaka kileleni. Vichwa hivyo vya msaada vilihitaji mahali pa kusubiri, kujazwa maji, kupakiwa makaa na kufanyiwa matengenezo. Mafundi na madereva wake nao walihitaji kula, kulala, kuoa, kusomesha watoto.

Mahali hapo ndipo palikuwa Thistle. Mji mzima ulikuwepo kwa sababu treni ilikuwa dhaifu kuliko mlima.

Enzi za neema

Mwanzoni mwa karne ya 20 Thistle ilikuwa kijiji kilichochangamka. Palikuwa na stesheni, banda la kulaza vichwa vya treni, matangi ya maji, maduka, kinyozi, mahali pa kucheza pool, posta na shule. Kabla treni hazijaanza kubeba mabehewa ya chakula, abiria walishuka kula wakati treni ikiongezewa nguvu. Kwa wasafiri ilikuwa dakika chache za kunyoosha miguu na kumwagiwa kahawa. Kwa wenyeji ndiyo ilikuwa biashara ya siku.

Pembeni walikuwepo wafugaji na wakulima, maana bonde lilikuwa na maji. Tena kutoka Thistle kulikuwa na tawi la reli lililoshuka kusini kupitia mabonde ya kilimo na ufugaji mpaka Marysvale. Kwa hiyo Thistle ilikuwa njiapanda. Mazao na mifugo ya kusini vilipita hapo, makaa ya mawe ya mashariki yakapita hapo, na abiria wa pande zote pia.

Upande wa pili wa Soldier Summit kuna mji mwingine uliozaliwa kwa sababu ileile. Ulipewa jina la kazi yake bila aibu yoyote: Helper, yaani Msaidizi, kutokana na vile vichwa vya msaada. Thistle na Helper walikuwa kama mapacha waliogawana mlima, mmoja huku na mwingine kule.

Kifo cha kwanza: dizeli

Ndiyo, mji huu ulikufa mara ya kwanza bila tone la tope.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni za reli Marekani zilianza kuachana na mvuke. Vichwa vya dizeli vilikuwa na nguvu zaidi, havikuhitaji kusimama kila mahali kunywa maji, na havikuhitaji jeshi la mafundi wa kusafisha majivu na kuziba mabomba ya boila. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, mvuke ulikuwa unaaga.

Kwa kampuni hiyo ilikuwa habari njema kabisa: gharama chini, kasi juu. Kwa Thistle ilikuwa barua ya kuachishwa kazi. Kama treni haina kiu, tangi la maji la nini? Kama inapanda mlima bila kusimama, nani atashuka kununua kahawa? Kazi zikapungua, familia zikafunga mizigo, maduka yakafunga milango. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jengo la stesheni lenyewe likabomolewa. Treni ziliendelea kupita, nyingi tu, ndefu, zimebeba makaa, lakini zilipita kama basi la haraka linavyopita kituo ambacho hakina abiria.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 zilibaki familia ishirini na kitu. Walikuwepo wastaafu wa reli, wenye mashamba, na watu waliopenda tu utulivu wa bonde. Haukuwa mji wa kuvutia wawekezaji. Ila ulikuwa nyumbani, na watu wake walijuana wote kwa majina.

Mlima uliokuwa hauna usingizi

Upande wa magharibi wa mji, mto ukiteremka kwenda bondeni, palikuwa na mteremko ambao wajiolojia wanauelezea kama poromoko la kale. Maana yake ni kwamba udongo wake ulishawahi kuporomoka zamani, kabla ya reli na kabla ya mji, na haukuwahi kushikamana vizuri tena. Wafanyakazi wa reli walilijua hilo kwa mikono yao. Kwa miaka mingi walikuwa wakirekebisha reli hapo: leo imesogea kidogo, inanyooshwa, mwakani imesogea tena, inanyooshwa. Ilikuwa kama jino linalouma na kuacha. Mtu anameza dawa ya maumivu na maisha yanaendelea.

Halafu ukaja mwaka 1982. Septemba ilimwaga mvua ya kupindukia kaskazini mwa Utah, udongo ukanywa ukashiba kabla hata ya baridi kuanza. Kisha yakafuata majira ya theluji nzito. Huo ulikuwa msimu wa El Niño ya 1982 na 1983, mojawapo ya zile kali zaidi za karne ya 20. Jina hilo halihitaji kutambulishwa kwa yeyote aliyeziona mvua za 1997 na 1998 Dar au Nairobi. Ni mabadiliko yaleyale ya joto la Bahari ya Pasifiki, yanayovuruga mvua hata mbali sana na bahari hiyo.

Theluji yenyewe si tatizo mradi iyeyuke taratibu. Mwaka huo ilichelewa kuyeyuka, na joto lilipokuja likaja kwa fujo. Salt Lake City ilifika mahali ambapo mtaa wake mkubwa, State Street, uligeuzwa mto kwa makusudi. Watu walipanga mifuko ya mchanga pande zote mbili, maji yakapita katikati ya mji, na yakajengwa madaraja ya muda ili wafanyakazi wavuke kwenda maofisini. Picha zake zipo, na zinachekesha kwa sababu watu wamevaa suti.

Thistle haikupata bahati ya kucheka.

Aprili 1983: mita moja kwa saa

Katikati ya Aprili, waliokuwa wakikagua njia waliona barabara kuu imeanza kujikunja na reli imepinda. Mwanzoni ilionekana kama kawaida ya miaka yote. Wakanyoosha. Ikapinda tena. Wakanyoosha tena. Safari hii jino halikuacha kuuma.

Ukisikia maporomoko, unawaza kishindo: usiku mmoja, sekunde chache, kijiji hakipo. Thistle haikuwa hivyo. Mlima ulitembea. Kwenye kilele cha kasi yake, tope lilikwenda kama mita moja kwa saa. Kinyonga mzee angelipita. Ungeweza kuweka kiti, ukakaa, ukalitazama linavyokuja, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukalikuta bado linakuja.

Ndiyo maana hakuna aliyekufa. Na ndiyo maana lilitisha. Kitu cha kasi kinakuua au kinakukosa, basi. Hiki kilikuwa na uzito wa mlima na subira ya mlima. Mashine za kusukuma udongo zilipelekwa, zikafanya kazi usiku na mchana kujaribu kuweka wazi njia ya mto, barabara na reli. Kila zikitoa tope, tope lilijaza pengo. Ndani ya siku chache watu wa reli wakakubali kwamba njia imekufa. Tope lilivuka bonde lote, likagonga ukuta wa mwamba upande wa pili, na kuziba mto Spanish Fork kama kizibo kwenye chupa.

Sasa fikiria: mto umejaa maji ya theluji, mlango umefungwa. Maji yataenda wapi? Yalirudi nyuma. Na nyuma ndiko ulikokuwa mji.

Watu walipewa muda mfupi wa kuondoka. Mwenye gari la mizigo alipakia alichoweza, wengine walitoka na vitu vya mkononi. Maji yalipanda mtaani, yakaingia vyumbani, yakanyanyua nyumba za mbao kutoka kwenye misingi na kuzifanya zielee kama mitumbwi isiyo na nahodha. Ndani ya muda mfupi kilichoonekana kilikuwa mapaa, kisha hata mengi ya mapaa hayakuonekana.

Bwawa hilo lisilopangwa lilikua mpaka kufikia urefu wa kama kilomita 5, likiwa na maji karibu mita za ujazo milioni 80. Kwa hesabu ya kawaida hizo ni lita bilioni 80. Ukuta wa tope uliolizuia ulikuwa na kimo cha kama mita 60, sawa na ghorofa la karibu sakafu ishirini, na poromoko lenyewe kutoka juu hadi chini lilikaribia kilomita 2.

Vita ya kuokoa kila kitu isipokuwa Thistle

Hapa ndipo stori inapokuwa na uchungu wake wa kweli.

Upande wa chini wa mto kulikuwa na mji wa Spanish Fork, wenye maelfu ya watu. Kama maji yangefika juu ya ukuta wa tope na kuanza kumwagika, yangeutafuna ukuta wenyewe, na lile ziwa lote lingeshuka kwa mara moja. Wahandisi walikuwa na uamuzi mgumu ambao kwa kweli haukuwa na chaguo la pili: tope lisitolewe tena. Liimarishwe. Poromoko liligeuzwa rasmi kuwa bwawa.

Elewa maana yake. Kuanzia siku ile, mashine zilezile zilizokuwa zikipigana kufungua mto zilianza kushindilia udongo ili mto usifunguke. Kila tabaka lililoongezwa juu ya ukuta lilikuwa usalama kwa watu wa chini na mita nyingine ya maji juu ya nyumba za watu wa Thistle. Hakuna aliyekosea hesabu. Maelfu dhidi ya familia ishirini na kitu, nyumba zenyewe zikiwa tayari zimeshaharibika. Yeyote angefanya hivyohivyo. Lakini kuna tofauti kati ya kupoteza nyumba kwa sababu ya mlima na kupoteza nyumba huku ukiona ukuta unaoizamisha ukiongezwa kimo kwa makusudi.

Wakati huohuo handaki la kupitishia maji lilichimbwa ndani ya mwamba ili kuwahi kuyatoa kabla hayajafika juu. Ilikuwa mbio kati ya wachimbaji na theluji inayoyeyuka. Wachimbaji walishinda. Maji yakapata mlango, na baadaye mwaka huohuo ziwa likakaushwa kabisa, maana bwawa lililojengwa na poromoko si kitu cha kulala usingizi chini yake.

Rais wa Marekani alitangaza eneo hilo kuwa la maafa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Utah kupata tangazo la namna hiyo. Hasara ya moja kwa moja ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola milioni 200 za wakati ule. Mpaka leo taasisi za serikali za nchi hiyo hulitaja poromoko la Thistle kuwa ghali kuliko yote katika historia ya Marekani. Poromoko ambalo halikuua mtu.

Pesa zote hizo zilikwenda wapi?

Swali zuri. Si kwenye nyumba, kwa sababu familia ishirini na kitu haziwezi kufikisha hesabu hiyo hata kama kila mmoja angekuwa na jumba.

Hasara ilikuwa kwenye njia. Kupitia bonde lile zilipita barabara kuu mbili na reli kuu ya kuunganisha Denver na Salt Lake City. Vilipokatika, mashariki ya Utah ikawa kama kisiwa. Migodi ya makaa ya mawe ikashindwa kusafirisha kwa njia yake ya kawaida, wafanyakazi wengine wakasimamishwa. Treni za kampuni ya Rio Grande zikalazimika kuzunguka kaskazini kupitia Wyoming kwa kutumia reli ya mshindani wake, tena kwa kulipia. Madereva wa malori na watu waliokwenda kazini ng'ambo ya bonde wakazunguka maili kwa maili.

Hata abiria waliguswa. Mwezi uleule wa Aprili 1983, treni iliyoitwa Rio Grande Zephyr, mojawapo ya treni za mwisho za safari ndefu za kampuni binafsi nchini humo, ilikuwa inamaliza maisha yake, na shirika la Amtrak lilikuwa tayari kuleta treni yake, California Zephyr, kwenye njia hiyohiyo. Sherehe ya kukabidhiana iliharibiwa na tope. Amtrak ikasubiri mpaka Julai.

Kampuni ya reli haikusubiri mlima utulie. Iliamua kupita ndani ya mlima mwingine, ule mwamba uliosimama upande wa pili wa bonde. Yakachimbwa mahandaki mawili sambamba, kila moja karibu mita 900, juu kuliko njia ya zamani na mbali na poromoko. Kazi ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Tarehe 4 Julai 1983, sikukuu ya uhuru wa Marekani, treni ilipita kwenye handaki la kwanza. Chini ya miezi mitatu tangu mlima uanze kutembea.

Barabara ilichukua muda zaidi. Mlima ulikatwa, njia mpya ikapandishwa juu, na kufikia mwisho wa mwaka 1983 magari yalikuwa yanapita.

Na Thistle? Hakuna aliyeijenga. Wala lile tawi la reli la kusini kwenda Marysvale halikurudishwa. Hesabu ilionyesha mzigo wake haulipi gharama. Kwa hiyo hata miji ya wakulima iliyokuwa mbali kabisa na tope ilipoteza treni yake kwa sababu ya mteremko ambao wakazi wake wengi hawakuwahi kuutazama mara mbili.

Sasa irudie ile tarehe. Mataruma yalikutana mwishoni mwa Machi 1883. Mlima ulitembea katikati ya Aprili 1983. Reli iliupa mji miaka mia moja na wiki mbili.

Ukienda leo

Ukishuka barabara ya US-89 kutoka inapoachana na US-6, utayaona mabaki bila kutafuta sana. Ile nyumba ya kwenye picha bado imo majini, imechoka zaidi kila mwaka, inazidi kuinama. Ziwa lilikaushwa, lakini lilikuwa limeshaacha tabaka la matope na kubadili sura ya ardhi, ndiyo maana dimbwi limebaki palepale.

Mbele kuna kuta za shule ya zamani, za mawe mekundu, hazina paa wala madirisha. Wapiga picha wanaipenda jioni jua likipenya kwenye matundu ya madirisha. Vijana wamepaka majina na michoro. Ukisimama ndani unaona anga pale ambapo zamani palikuwa na dari na watoto walikariri hesabu.

Zaidi ya hapo ni misingi iliyotawanyika, miti iliyopandwa na mtu kwa mkono wake karibu na nyumba isiyokuwepo, vipande vya chuma. Hakuna mtaa. Ukitaka kuuona ukubwa wa tukio, panda mpaka sehemu ya kutazamia iliyo kando ya US-6. Hapo pana kibao cha maelezo na kovu la poromoko liko wazi mbele yako, mteremko mrefu wenye umbo la ulimi. Linaonekana limelala. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu yake ilisogea tena. Halijalala, linasinzia.

Wanaotembelea magofu haya wakiwa na kamera huwa wanatafuta huzuni ya haraka: mlango uliovunjika, kiatu cha mtoto, kapsheni ya maneno mawili. Thistle inatoa hiyo, lakini kitu kikubwa zaidi kipo juu ya kichwa chako, na hakipigwi picha sana. Ni sauti ya treni. Mabehewa ya mizigo yanapita kwenye yale mahandaki, na California Zephyr inapita hapohapo ikiwa safarini kati ya Chicago na pwani ya Pasifiki.

Pacha wake, Helper, bado yupo. Naye alipigwa na dizeli, naye alipoteza kazi na watu, lakini hakuna mlima uliomfuata. Akapata muda wa kutafuta sababu nyingine ya kuishi. Leo ana makumbusho ya reli na migodi, wasanii wamenunua majengo ya zamani na kufungua maonyesho, watalii wanakunywa kahawa mtaani. Thistle haikuwa mbaya kuliko Helper. Ilikosa muda tu. Tope lilipofika, mji ulikuwa umeshapoteza kazi yake kwa karibu miaka thelathini, na mji usio na kazi hauna mtetezi siku hesabu inapopigwa.

Kwa hiyo ukiiona tena ile picha ya nyumba majini na mtu akaandika kwamba maumbile yalifuta mji kwa siku moja, mwambie haikuwa siku moja. Ilianza siku treni ya kwanza ya dizeli ilipopita Thistle bila kusimama.